Pikipiki ya Baba Haing'ai Tena

Akina mama wenzetu, nyumbani kwetu hapa Dodoma tuna Honda ya zamani aliyotuachia baba watoto alipofariki mwaka 2017. Enzi zake, kila Jumamosi aliifuta kwa kitambaa cha flana mpaka ukiinamia ekzosi unaiona sura yako. Kwa hiyo mwaka jana, kijana wetu wa kwanza aliposema anataka kuifubaza ile kromu ionekane ya kale, tulinuna siku mbili. Tuliona kama anamfuta baba yake.

Hasira zilipopungua tukaenda kuitazama. Kweli kutu ilikwisha kuidonoa-donoa, hasa kwenye madigadi. Kung'arisha kusingesaidia kitu.

Asubuhi moja tunarudi kutoka zamu ya usiku, tunamkuta uani na chupa ya tindikali, mdogo wake wa miaka sita amechuchumaa pembeni. Eti wenzake kijiweni wamemwambia inamaliza kazi upesi. Inamaliza, ndiyo, maana huivua kromu yote! Lakini mvuke wake huunguza macho na koo, na maji yanayobaki yenye kromu ni sumu, si ya kumwaga mahali kuku wanapodonoa. Siku hiyo tulipiga kelele kuliko wodini.

"Basi Mama, nitafanya kwa mkono," akasema.

Tulikaa naye. Aliosha kwa sabuni, akavaa miwani na barakoa, akachukua msasa laini namba 600, akawa anauchovya kwenye maji ili vumbi lisiruke. Alisugua kwa kufuata urefu wa chuma, bila kuzungusha mkono, hadi ikatokea michirizi myembamba. Kromu ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Ukiona rangi ya njano-njano, hiyo ni nikeli iliyo chini yake, acha hapo hapo. Halafu alipaka rangi nyeusi kidogo, akaifuta kabla haijakauka, ikabaki ndani ya michirizi tu. Mwisho nta, maana mahali chuma kilipofunuliwa kutu hurudi.

Nguzo za shokapu za mbele hakuzigusa. Fundi alimwonya kwamba zikikwaruzwa hukata mpira unaozuia mafuta, na mafuta yakivuja yanaweza kufika kwenye breki. Nasi tukaongeza letu: ekzosi iliyofubaa huunguza sawasawa na inayong'aa. Tumefunga vidonda vingi vya ndani ya mguu, vya akina mama wanaoshuka bodaboda na khanga zao.

Imependeza, tukiri. Jirani alidhani tumenunua nyingine.

Tulimwomba jambo moja tu, duara la taa ya mbele abaki nalo lilivyo. Hakubisha. Jumamosi tunamwona analifuta, kwa flana ile ile.