Kudandia Treni ya Mizigo

Darasa letu liko karibu na Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Treni ya mizigo ikipunguza mwendo mlimani, vijana huidandia ili kuokoa nauli.

Jioni moja mwanakisomo aliniuliza, "Mwalimu, nikijificha kati ya mabehewa, askari hanioni. Hatari iko wapi?"

Nilifunga viberiti sita kwa uzi uliolegea, nikavuta cha kwanza. Cha pili kikashtuka, halafu cha tatu, mpaka cha mwisho kikaruka. Mabehewa nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu viungo vyake vina nafasi. Kichwa kikivuta, behewa la nyuma hushtuliwa ghafla. Aliyekaa pale huweza kuangukia relini, na magurudumu yanakuja. Dereva yuko mbali, hamwoni. Hata angemwona, treni yenye mzigo haisimami papo hapo.

Vijana wakaanza kumlaumu askari wa reli, kwamba anawaonea maskini. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikatwa mguu na treni, akasema, "Laiti siku ile angemkamata wangu."

Tukaandika nauli ya basi ubaoni, tukahesabu ni mafungu mangapi ya karanga.