Filamu Yangu Ilipokosa Mnunuzi

Nakuandikia wewe uliyemaliza filamu kwa jasho lako na hujui uipeleke wapi. Usiku wako naujua.

Niliingia kazi hii Bongo Movie, filamu zetu za Tanzania, zilipopamba moto, miaka ile ya kina Steven Kanumba, mwigizaji aliyefariki Aprili 2012. Njia ilikuwa moja tu: unashuti, unahariri, unapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, Dar es Salaam. Anakulipa mara moja, haki zote zinabaki kwake. Nami nikakopa. Mke wangu akauza cherehani yake. Mama ndiye aliyewapikia waigizaji wali maharage, na hakudai hata shilingi.

Msambazaji aliitazama dakika chache, akaizima. "Haina staa," akasema. Bei aliyoitaja haikufika hata nusu ya deni. Nikaomba nikafikirie.

Kabla sijarudi kwake, niliiona mtaani. Mkononi mwa machinga. Kava la fotokopi, jina langu limekosewa. Nikasimama. Sauti haikutoka.

Nyumbani nikajifungia. Sikula. Wadai wakaja. Nikajificha chooni, mke wangu akawaambia sipo. Mwanangu alikuwa anasikia. Nilitamani nisiamke, ndugu yangu. Sipambi maneno. Hadi leo simu ya namba nisiyoijua ikiita, tumbo linanikata.

Mama hakunisema. Aliniletea uji, akakaa mpaka nikaumaliza, tukaswali Isha pamoja. Kaka yangu ndiye aliyeuliza: watu wa Mbagala mliowashuti, wao wameiona?

Hawakuwa wameiona. Kaka akamfuata mwenye kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, tukapewa Jumapili alasiri, kabla ya mechi, kiingilio shilingi 500. Tukapita nyumba kwa nyumba kuwaalika kina mama, maana kibanda kile kilizoeleka kuwa cha wanaume wa mpira. Walijaa. Walicheka nisipotarajia, wakamzomea mume mlevi wa kwenye filamu kana kwamba anawasikia. Mlangoni, mke wangu aliandika kwenye daftari namba ya simu ya kila aliyekubali kuitoa. Daftari lile lilinifaa kuliko mkopo. Filamu iliyofuata, fupi, ya watu wachache, tuliwapigia hao kwanza, na kiingilio chao kikaanza kupunguza deni. Deni tumelimaliza, alhamdulillahi.

Tamasha la filamu nalo lina faida yake. ZIFF, kule Zanzibar, imewakutanisha watengenezaji na watazamaji tangu miaka ya 1990, na filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikizungumza Kiswahili. Peleka kazi yako. Ila usikae tu kusubiri barua ya tamasha huku majirani zako hawajui kama umetengeneza filamu.

Ukiitwa kusaini mkataba, uliza ni wa miaka mingapi na nchi zipi. Neno "haki zote" lisikupite, mpe hata shemeji yako ausome mkataba kabla ya kusaini. Na kama leo umejifungia kama nilivyojifungia mimi, tafadhali, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwenu leo hii hii.