Barua kutoka Lilongwe: Darasa kimya la nini?

Mpwa wangu,

Picha yako imenifikia. Shati limenyooshwa, tai imekaa sawa, na mezani, kando ya chaki, bakora imelazwa kama kifaa cha kufundishia. Chini umeandika: "Shangazi, wiki ya kwanza kidato cha kwanza, darasa kimya kama msikiti." Kisha ukauliza sisi huku tunachapia nini. Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona wenye ugonjwa wako nyumbani ni wengi. Basi nakujibu hapahapa gazetini, wapone wote.

Kwanza niambie: umeajiriwa kufundisha Kiingereza au kulinda chumba cha maiti? Mwalimu wa hesabu akikuta kimya anaweza kujidanganya kwamba watoto wanakokotoa. Somo lako wewe ni midomo. Ikifungwa, hakuna kilichofundishwa.

Huku Malawi fimbo shuleni imekatazwa tangu Katiba ya 1994. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: wapo wanaochapa kwa siri, na wapo wanaompa mtoto jembe alime kipindi kizima. Lakini pita nje ya shule ya msingi hapa Lilongwe, darasa la chini lenye watoto mia, wengine wamekaa sakafuni, utakachosikia barabarani ni makofi. Mtoto akijibu, mwalimu anaita "Muombereni m'manja!", na darasa lote linampigia kwa mdundo mmoja, pa-pa-pa, halafu linatulia lenyewe. Aliyejibu kavimba kichwa, na wale waliokuwa wakifinyana chini ya dawati mikono yao imepata kazi.

Darasa langu mimi liko Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, kama kilomita 45 kaskazini mwa mji. Zamani palikuwa gereza la Rais Kamuzu Banda la kufungia waliompinga. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu wapatao elfu kumi na ushee, leo wamepita elfu hamsini, wengi Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda. Sokoni Kiswahili kinakutosha kabisa, ila ni kile cha Bukavu na Uvira, na hiki chetu cha Mbeya wanakicheka.

Nafundisha Kiingereza jioni, maana shule za Malawi zinadai Kiingereza, na aliyetoka Kongo alisomeshwa kwa Kifaransa. Kijana wa miaka kumi na saba anabanana na mtoto wa kumi na miwili, kwa kuwa miaka yake mingine imeliwa na njia. Huyo utamtisha na bakora? Amekimbia bunduki.

Kuna mzee mmoja, kwao alikuwa mwalimu, sasa ni mwanafunzi wangu. Tunamwita Papa, ndivyo wanavyoitana. Kila nikianza kueleza, Papa anainama kwa jirani zake, ananong'ona, na mstari wa nyuma wote unachemka. Mwalimu mwenzangu, mgeni kazini kama wewe, alitaka atolewe nje. Nikamwambia subiri. Nikasogea nyuma nikifundisha, nikasimama karibu nao, nikatega sikio. Papa alikuwa akiwafasiria kwa Kibembe kina mama wawili waliofika juzijuzi. "Papa, utusaidie," nikamwambia, "uje ukae huku mbele." Sasa nikimaliza maelezo nanyamaza, yeye anapewa dakika mbili zake. Akishamaliza, anayenong'ona hana kisingizio, na Papa mwenyewe ndiye wa kwanza kumkemea.

Kwetu Tanzania angevishwa kibao shingoni kwa kutosema Kiingereza! Mtoto kasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anaadhibiwa kwa kukisema, halafu mtihani ukifika mnashangaa hawezi kujieleza. Aibu ni yenu, si yake.

Na hiyo fimbo, kanuni zake umezisoma? Za mwaka 2002 zinasema achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi viboko vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na adhabu iandikwe kitabuni. Nionyeshe barua yako ya ruhusa. Agosti 2018, pale Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa mkoba aliodaiwa kuuiba. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunahesabu vinne au sita.

Sasa shika haya. Jifunze majina kabla ya kitu kingine. "Wewe wa nyuma" hajawahi kumtii mtu. Uwe wa kwanza kuingia, kazi iwe ubaoni, wakikaa tu kalamu ziko mkononi. Wakipiga kelele usipandishe sauti, utashindana na watu tisini. Shusha, au nyamaza kabisa uwatazame. Mchokozi msogelee ukiendelea kufundisha, usimsomee hotuba mbele ya wenzake, atapata jukwaa alilolitafuta. Mwite mkitoka. Wagawe kwa madawati, kila dawati na kiongozi wake, na uongozi uzunguke, hata kwa mtukutu. Hasa kwa mtukutu. Anayekosea sentensi asichekwe. Hilo ndilo kosa la kukasirikia. Na ukiahidi kusahihisha madaftari Ijumaa, sahihisha Ijumaa, hata umeme ukatike.

Utaniambia huku ni rahisi, kwako wako tisini. Mpwa wangu, mia niliokutajia hapo juu wanatulizwa na binti wa umri wako, mshahara mdogo kuliko wako, hana hata meza ya kuwekea hiyo bakora.

Msalimie mama yako. Dereva wa basi la Mbeya nimempa usipa, ndio dagaa wa Ziwa Nyasa (huku usilitaje kwa jina hilo), mama akauchukue stendi mapema kabla harufu haijawafukuza abiria.

Shangazi yako