Ngoma Iliyomeza Maneno

Mnamo Agosti 2022 nilikwenda Homa Bay kurekodi nyimbo za ohangla kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mzee mwimbaji alinena taratibu, nami nikakipima kinasa sauti kwa unenaji huo. Ngoma za ngozi ya kenge zilipoanza kurindima, taa nyekundu iliwaka, nikaipuuza.

Huko Migori, fundi wa studio alinifumbua macho. Katika kurekodi kidijitali, desibeli 0 ndiyo dari: wimbi lipitalo hapo hukatwa kilele, na maji yakimwagika hayazoleki. Tulijaribu kuzishusha ngoma, lakini maikrofoni ilikuwa moja. Maneno yalikuwa yamekwisha kukwaruzwa pamoja nazo. Laiti ningalipima kwa pigo kali kuliko yote, nikaliacha desibeli 12 hivi chini ya dari, ningaliyaokoa.

Niliporudi Homa Bay, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Beti tatu hazisikiki hata leo. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kunukuu, kufasiri na kuhakiki. Ni nadra kufunzwa kusikiliza. Ndugu msomaji, kabla hujaanza kurekodi, mwombe kwanza mpiga ngoma apige kwa nguvu zake zote.