Mipaka ya Nahodha Mdogo

Kisiwani kwetu Lamu, kijana hamwombi babake ufunguo wa gari. Humwomba mashine ya boti. Wangu aliiomba alipotimiza miaka 17, ile ya nguvu za farasi 15 aliyoiacha ami yake, na kwa siku kadhaa nyumba haikuwa na mazungumzo mengine.

Babake hakukataa, bali alimwekea mipaka. Miezi mitatu ya mwanzo asivuke pasi na mtu mzima. Asipakie rafiki zake, kwani vijana wanne katika chombo kimoja hushindana hata na upepo. Awe amerejea gatini kabla ya magharibi. Asipite Mkanda mpaka ajue kuyasoma maji, maana njia ile hupitika maji yakijaa, na anayechelewa hulala juu ya tope. Nami nikaongeza langu: jaketi la kuokolea liwe mwilini, si chini ya ubao.

Alinung'unika kwamba wenzake huendesha watakavyo (kila mama ameusikia wimbo huo), lakini alishika.

Aliyevunja mpaka ni mimi. Dada yangu alikuwa anakuja kwa ndege; ikachelewa, ikatua Manda jua likizama. Baba mtu alikuwa Mombasa. Nikampigia kijana simu akamchukue mamake mdogo.

"Mama, magharibi hiyo imeingia."

"Ni hapo ng'ambo tu, mwanangu."

Walirudi gizani, hawana taa. Katikati ya mkondo nusura wagongane na jahazi lililokuwa likiingia kimya kimya. Dada alishuka gatini akitetemeka, nguo zimemrowa. Mwanangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliifunga boti, akaenda kuswali.

Nilikesha. Tulikuwa tumemfundisha yote isipokuwa namna ya kumkatalia mzazi, naye amelelewa akijua kwamba kutomtii mama ni dhambi kubwa. Asubuhi nilimwomba radhi, babake akisikiliza kwa simu, tukaongeza sharti: katika chombo, neno la nahodha ndilo la mwisho, na akimkatalia yeyote kwa ajili ya usalama, hata mimi, haihesabiwi utovu wa adabu.

Juma lililofuata nilitaka anipeleke Matondoni baada ya alasiri. Akayatazama maji, akatikisa kichwa.

"Tutarudi usiku, Mama. Kesho asubuhi, inshallah."

Nikavua buibui, nikarudi jikoni.