Babu aliposema wimbo unavuta

Mzee huyo wa miaka 74 alihamia kwa mwanawe Tabata, Dar es Salaam, miezi minne baada ya kumzika mkewe Morogoro. Alikuja na begi la nguo, mashine ya kupigia santuri na maboksi mawili ya santuri zenyewe, kubwa kwa ndogo, kama 60 hivi.

Nyumba ni ya vyumba vitatu na watoto ni watatu. Katika kutafuta nafasi, mkwewe aliyalaza maboksi juu ya kabati, karibu na bati, kisha juu yake akaweka sanduku la mablanketi. Hakukusudia ubaya wowote.

Mzee hakulalamika. Alianza tu kula kidogo, kulala mapema na kujibu "Sijambo, mwanangu" kwa kila alichoulizwa. Jioni moja alimwita mwanawe pembeni, akaomba nauli ya kurudi Morogoro. Kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Aliyegusa penyewe ni mjukuu wa miaka saba. "Babu, mbona hupigi zile sahani zako?"

Maboksi yakashushwa. Santuri ni plastiki, na plastiki hiyo hulainika kwa joto. Ikilazwa na kubebeshwa mzigo, inapinda. Tano zilikuwa zimepinda kama chapati. Sindano ilipanda, ikashuka, kisha ikaruka.

Nyingine zilikuwa nzima, lakini mzee bado alikunja uso. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa Mbaraka Mwinshehe, mwana Morogoro aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Mzee anaujua tangu ujana wake.

"Wimbo unavuta," alisema.

Mwanawe hakusikia kasoro. "Baba, huo ni umri. Twende ukapimwe masikio."

Walikwenda. Vipimo vilionyesha kuwa usikivu wa sauti nyembamba umempungua, kama inavyowatokea watu wengi wa umri wake. Lakini aliyempima alimgeukia mwanawe akamwambia kuwa hilo halimfanyi mtu asikie wimbo ukienda polepole. Wakaangalie mashine.

Fundi redio aliifungua na kukuta mkanda wa mpira unaozungusha sahani umelegea. Santuri ndogo hutakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika, na zile kubwa mara 33 na theluthi. Mzunguko ukipungua, wimbo unachelewa na sauti ya mwimbaji inakuwa nzito. Mzee alikuwa amesikia sawasawa kuliko wote waliokuwamo nyumbani.

"Nisamehe, baba," mwanawe alisema wakiwa njiani.

"Mkanda ndio umezeeka, si mimi," mzee akajibu, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku hizi kila Jumamosi jioni babu na mjukuu hukaa sebuleni, na mtoto anafundishwa. Santuri hushikwa ukingoni na kwenye lebo ya katikati, kwa sababu mafuta ya vidole hunasa vumbi. Hufutwa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji, si kuikata. Ikibidi kuoshwa, hutumika maji yasiyo na chumvi, maana maji ya kisima huacha chumvi kwenye mifereji yakikauka. Ikishapigwa hurudi kwenye kava na kusimamishwa wima, kama vitabu kwenye rafu, mbali na dirisha lenye jua. Sindano iliyochakaa hubadilishwa mapema, kwani huchimba mifereji na mchubuko huo hauponi.

Rafu hiyo mkwe mwenyewe aliagiza kwa seremala, ikawekwa ukutani chini, mahali penye ubaridi.

Alipokuwa akipanga ndipo alipoona maandishi. Nyuma ya kila kava kuna mstari wa kalamu: tarehe, mahali, sababu. Mshahara wa kwanza. Siku ya posa. Moja imeandikwa tarehe aliyozaliwa mumewe, na chini yake: "Mtoto wa kiume, mama yake mzima." Santuri ya kava hilo ni miongoni mwa zile tano zilizopinda.

Alimpelekea mzee huku machozi yakimlenga. "Baba, hii niliiharibu mimi."

Mzee aliipokea, akaitazama, akairudisha kwenye kava. "Basi isimamishe hapo na wenzake, mama. Wimbo wake ninao kichwani."

Wazee wengi huhamia kwa watoto wao na vitu ambavyo machoni petu vinajaza nafasi tu. Kuvitafutia mahali bila kwanza kumuuliza mwenyewe kazi yake ni nini kunaweza kumfanya ajione mgeni, na mgeni hakai, huomba nauli.

Mwezi Desemba familia nzima itakwenda Morogoro kusafisha kaburi la bibi. Mzee ameomba gari lisijae sana wakati wa kurudi Dar. Kuna boksi la tatu alilibakiza kule.