Betri ya Gari la Rimoti Ilivyotaka Kuniunguzia Stoo

Wiki hii nilikuwa nimeahidi tuendelee na viwavijeshi vamizi, lakini naomba tuwaweke kando kwanza. Wengi mmeniuliza kuhusu betri za mabomba ya kupulizia dawa, na kila nikianza kuwajibu nakumbuka betri moja ndogo ya gari la kuchezea iliyonitia aibu nyumbani kwangu. Nitaanza na hiyo, kwa sababu kosa nililolifanya kwenye gari la mtoto nimelikuta kwa wawili kati yenu msimu huu, kwenye mabomba.

Naishi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Mwaka jana mnadani, kwenye mzigo wa vitu vilivyotumika kutoka nje, nilikuta gari la rimoti. Si yale ya plastiki ya kukimbia siku mbili yakafa. Hili lilikuwa la watu wanaoufanya huo mchezo kweli: springi kila gurudumu, mota ya kufungua na kubadilisha, na betri ya kuchaji inayochomoka, seli 6 zilizofungwa pamoja kwa nailoni. Nikalinunua pamoja na chaja yake. Kijana alifurahi sana, ila betri ilikuwa imechoka. Unaichaji usiku kucha, gari linakimbia dakika 4, limesimama.

Nikaenda mjini kutafuta nyingine. Muuzaji aliweka mbili juu ya kaunta. Moja nzito, imeandikwa Ni-MH, 7.2 V, 3000 mAh. Ya pili nyembamba, nyepesi mkononi, imeandikwa Li-Po, 7.4 V, 5000 mAh. Plagi zilikuwa zile zile, na bei ilipishana kidogo tu. Nikauliza ipi inakaa na chaji zaidi. Akanionyesha nyembamba, akasema hii ndiyo ya kisasa. Mimi nikaona 7.2 na 7.4 ni ndugu, 5000 inaizidi 3000, nikalipa. Hakuniuliza nina chaja gani, na mimi sikuona haja ya kusema.

Asubuhi yake niliichomeka kwenye ile chaja ya zamani, nikaiweka stoo ambako kuna soketi, nikapanda pikipiki kwenda shamba darasa. Sasa nikuambie kilichokuwa ndani ya hiyo stoo: magunia 6 ya mahindi, mifuko miwili ya CAN, na dumu la petroli la pikipiki.

Kijana aliporudi shule alisikia harufu tamu, kama ile dawa akina dada wanayoondolea rangi ya kucha. Akafungua stoo, akaikuta betri imevimba kama andazi. Akazima swichi ya ukutani, akachukua beleshi, akaikokota na chaja yake hadi katikati ya uwanja kwenye mchanga. Hajafika kibarazani ikaanza kupiga mluzi, ikatoa moshi mzito, kisha ikawaka.

Niliporudi jioni nilimkuta amekaa mlangoni. Uwanja ameufagia, pamebaki alama nyeusi tu. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitikia akaongeza, "Nimeharibu betri."

Mtoto alikuwa ameokoa nyumba, na muda wote huo alikuwa anasubiri kugombezwa. Ilibidi nikae chini pale pale nimweleze kwamba aliyeharibu ni mimi. Mimi ninayewaambia kila msimu msome kibandiko kabla ya kufungua chupa ya dawa! Kibandiko cha betri kilikuwa na maandishi yote niliyoyahitaji, na nilisoma namba moja tu, ile kubwa.

(Na hapa niseme wazi: alichofanya kijana sikushauri ukifanye. Betri iliyokwisha kuvimba na kunuka inaweza kukulipukia usoni. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa watu nje, usivute ule moshi. Ikishakuwa nje, iache iungue yenyewe kwenye mchanga.)

Tuje kwenye sababu. Betri ya kuchaji ni seli kadhaa zilizounganishwa, na kila aina ya seli ina volti zake. Seli ya Ni-MH, na ya zamani kidogo inayoitwa Ni-Cd, ina volti 1.2. Weka 6, unapata 7.2. Seli ya Li-Po ina volti 3.7. Weka 2, unapata 7.4. Ndiyo maana gari linakubali zote mbili, linaona volti zinakaribiana. Lakini chaja haioni hivyo. Seli ya Li-Po haitakiwi kuzidi volti 4.2, yaani pakiti ya seli 2 mwisho wake ni 8.4. Chaja rahisi ya Ni-Cd haina habari na mwisho huo. Inasukuma tu mpaka utakapoichomoa, kwa sababu seli za zamani zilikuwa zinavumilia kusukumwa polepole usiku mzima. Li-Po haivumilii. Inavimba, kisha unajua kinachofuata.

Kwa hiyo kama una gari la namna hii, na najua wapo, maana wafanyabiashara wawili wa mitumba wameniambia wanayapata kwenye mizigo, anza na chaja uliyonayo mkononi. Kama ni ya Ni-Cd au Ni-MH, nunua Ni-MH na usishawishike. Ni nzito zaidi, na gari litapoteza mbio kidogo. Lakini betri hiyo inasamehe. Mtoto akisahau kuichomoa inapata joto na umri wake unapungua, ila kwa chaja ile ya polepole nyumba inabaki. Ukikuta iliyoandikwa Ni-Cd, iache, kwani ndani yake mna kadimiamu ambayo ni sumu, na usingependa iozee kwenye shimo la taka karibu na bustani yako ya mchicha.

Ukitaka Li-Po, hesabu gharama ya vitu vitatu. Cha kwanza ni betri. Cha pili ni chaja yake, ile yenye tundu la waya mwembamba wa pembeni. Waya huo ndio unaoiwezesha chaja kupima kila seli peke yake na kuzisawazisha, na betri ya Li-Po ya seli 2 au zaidi isiyokuwa nao usiipokee. Cha tatu ni kifaa ndani ya gari kinachokata moto kabla kila seli haijashuka chini ya volti 3. Magari ya zamani mengi hayana hicho kifaa, yanaendelea kunyonya hadi betri inakufa. Ukijumlisha vyote vitatu, ile tofauti ndogo ya bei pale kaunta inageuka kubwa. Mimi nilipojumlisha nilirudi kununua Ni-MH.

Kuhusu zile namba. mAh ni ukubwa wa ndoo, inakuambia maji kiasi gani yamo. Betri ya 3000 mAh ikitoa ampia 10 mfululizo itadumu dakika 18. Ikitoa 20, dakika 9. Ya kijana inakaa kama robo saa kwenye uwanja mkavu, na inapungua sana akiingia kwenye nyasi, kwa sababu mota inafanya kazi zaidi. Herufi C unayoiona kwenye Li-Po ni upana wa bomba la kutolea maji: 5000 mAh yenye 20C inadai inaweza kutoa ampia 100 bila kuumia. Sema "inadai". Watengenezaji wengine hupenda kujaza namba hapo, na wewe huna kifaa cha kuwakamata. Gari la kawaida la mtoto halifiki huko hata nusu, kwa hiyo usilipie C kubwa.

Sasa mabomba yenu. Bomba la mgongoni la betri, la lita 16 au 20, mara nyingi linakuja na betri ya risasi, iliyofungwa, 12 V na 8 Ah. Inakufa baada ya msimu mmoja au miwili, mkulima analalamika kuwa bomba ni feki. Mara nyingi bomba ni zima. Betri ya risasi inauawa na kukaa tupu. Umemaliza kupulizia, betri imeisha, umelitupia bomba kwenye kona hadi msimu ujao. Miezi yote hiyo ndani mnaganda chumvi kwenye sahani za risasi, na ukija kuichaji haipokei tena. Ichaji siku ile ile uliyomaliza kazi, hata kama umechoka, na wakati wa kiangazi ichaji tena kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hilo peke yake litakuokolea pesa kuliko ushauri wote wa leo.

Kosa langu lilijirudia hivi. Mkulima mmoja wa nyanya betri yake ilikufa, fundi akamwekea ya lithiamu ya "volti 12", nyepesi, mgongo ukafurahi. Kumbe ni seli 3 za 3.7, jumla 11.1, na mwisho wake ni 12.6. Akaendelea kutumia chaja ya bomba iliyotengenezwa kwa betri ya risasi, inayosukuma hadi volti 14 na kitu. Bahati yake ndani ya ile pakiti kulikuwa na kibao kidogo cha ulinzi kilichokata moto. Wa pili hakikuwepo, na betri ilivimba ikapasua kasha la bomba. Hakuna aliyeumia.

Kama unataka lithiamu kwenye bomba, na nakubali uzito unapungua sana, tafuta iliyoandikwa LiFePO4, 12.8 V. Hiyo ni seli 4 za volti 3.2, mwisho wake 14.6, na ni tulivu zaidi kwenye moto kuliko Li-Po. Hata hivyo nunua na chaja yake. Hakikisha chaja imeandikwa jina la aina hiyo hiyo ya betri. Muuzaji akikuambia chaja yoyote itafaa, mshukuru, uende duka lingine.

Wenye maduka ya vijijini, nanyi nina neno. Mnauza seli za tochi na taa, zile nene kuliko kidole gumba, zinaitwa 18650 kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Nimeona zilizoandikwa 9900 mAh. Hazipo. Nzuri kabisa za ukubwa huo zinaishia karibu na 3500. Mna mizani ya viungo dukani, itumieni: seli halisi ina gramu kama 45. Ukikuta ina 25 au 30, ndani mna kaseli kadogo na mchanga au unga wa kujazia. Ndogo za kuchaji za redio, za Ni-MH, zinatakiwa ziwe na gramu 25 hadi 30, na iliyoandikwa zaidi ya 2800 mAh itilie shaka. Mteja akirudishiwa tochi iliyokufa mara ya pili, harudi kununua hata sukari.

Kutunza kunatofautiana, na hapa watu wanachanganya. Ya risasi iwekwe imejaa. Ya lithiamu iwekwe nusu, si tupu wala kujaa, mahali pa kivuli. Ni-MH ikikaa inavuja chaji polepole yenyewe, hiyo si kuharibika, ichaji tena kabla ya kutumia. Zikifa, ya risasi wanunuzi wa chakavu wanaichukua. Ya lithiamu usiitupe chooni wala kwenye moto wa taka, na usimwachie mtoto aifungue kwa msumari. Mimi ninazo tatu kwenye debe la mchanga nje ya nyumba, nikienda wilayani nazipeleka kwa fundi anayezikusanya.

Siku hizi kuchaji kwangu kunafanyika kibarazani, juu ya kigae, mtu akiwepo. Soketi ya stoo nimeiondoa. Kijana ana daftari anaandika kila mara gari lilikimbia dakika ngapi. Juzi alinionyesha zimeshuka kutoka 16 hadi 13, akaniambia, "Mjomba, hii seli ya tatu inapata joto kuliko wenzake." Nimeishika, ni kweli.

Alhamisi nitakuwa gulioni, upande wa wauza mbegu, kuanzia saa tatu asubuhi. Nitakuwa na testa na mizani. Leta betri pamoja na chaja yake. Ukileta betri peke yake nitakurudisha nyumbani.